Maskani na Mwaka Kogwa: mshikamano wa aina mbili

Watu wakishikamana, ni lazima wamchukie wa nje? Mwaka 1954 huko Oklahoma, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana makundi mawili. Waliposhindanishwa walitukanana, lakini uhasama ulipungua walipopewa kazi zisizowezekana bila kushirikiana, kama kurudisha maji kambini.

Kwetu Zanzibar, maskani ya chama, yaani kijiwe cha wafuasi wa chama kimoja cha siasa, iko karibu na ule mwanzo wa mashindano. Mnakunywa kahawa pamoja, mnafaana kwa shida, na kila anachopata wa upande wa pili mnaona kachukua chenu. Baada ya uchaguzi wa 1995 wapo waliosusiana maduka, hata maziko. Maziko jamani! Maridhiano ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, vilipoza hali, kwa muda.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, ni vingine. Siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, watu wa kaskazini na kusini ya kijiji hupigana kwa migomba hadharani, kisha hula na kucheza pamoja. Na kukaa bila mgeni siku ile huhesabiwa mkosi, kwa hiyo wa nje anatafutwa.

Mimi nachagua Makunduchi, ingawa pale, kusema kweli, hakuna kiti kinachogombewa.