Honda TRX420 na Matairi Yake: Tathmini kutoka Njia za Naivasha na Suswa

Honda TRX420 yenye gia za mguu ni kwodi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, na si ya kujionyesha. Wanaotafuta kasi na rangi za kung'aa wataipita dukani bila kuitazama mara ya pili, nao watakuwa na haki yao. Tathmini hii inamhusu mtu ambaye angependa kuitumia kwodi yake kwa miaka mingi katika njia za mawe, vumbi na miiba za Bonde la Ufa, na ambaye wakati umefika wa kubadilisha matairi yaliyokuja nayo kutoka kiwandani.

Uimara wake unaanzia katika mpangilio wa mitambo. Injini ya silinda moja inayopozwa kwa maji imewekwa kwa urefu wa fremu, na nguvu zake hufikishwa kwenye magurudumu kwa shafti zilizofunikwa, bila cheni wala mkanda. Kwa njia zinazoelekea Mlima Suswa hilo ndilo jambo la kwanza la kuangaliwa katika kwodi yoyote ile, kwa sababu vumbi la huko, ambalo asili yake ni majivu ya volkano, ni laini kama unga wa ngano, na likishanata kwenye cheni iliyopakwa grisi huisaga cheni hiyo pamoja na meno yake. Breki ya nyuma nayo ni ya ngoma iliyozibwa, ambayo haina uwezo mkubwa wa kusimamisha ukiilinganisha na diski, lakini haipitishi matope na mchanga kwa urahisi.

Toleo ninalolizungumzia lina ekseli moja nzima nyuma. Ukipita juu ya jiwe kwa gurudumu moja, upande wote wa nyuma unainuka na mgongo wako unapata habari. Honda hutengeneza pia matoleo ya TRX420 ambayo kila gurudumu la nyuma lina springi na mikono yake, na hakuna ubishi kwamba hayo ni matulivu zaidi kwa safari ndefu. Hata hivyo, mpangilio huo huongeza bushi, viungo na mipira ya kufunika viungo vya ekseli, na mpira mmoja ukichanwa na kijiti bila wewe kutambua, vumbi huingia kwenye grisi na kiungo hufa polepole. Nikipewa kuchagua kati ya starehe na idadi ndogo ya vitu vya kukaguliwa jioni, nachagua hicho cha pili, ingawa najua wenye umri wangu wengi watachagua cha kwanza.

Kuhusu chujio la hewa sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba ni sponji inayolowekwa mafuta, huoshwa kwa sabuni na kurudishwa, na kwamba anayeipuuza katika vumbi la Suswa hana haki ya kuilalamikia injini.

Sasa matairi. Kwodi hii huvaa 24x8-12 mbele na 24x10-11 nyuma, yaani kimo cha inchi 24, upana wa inchi 8 au 10, na rimu ya inchi 12 mbele na 11 nyuma. Rimu hiyo ya inchi 11 hupunguza uchaguzi, kwa kuwa matairi mengi yanayoletwa madukani ni ya inchi 12, na hapo ndipo muuzaji anapoanza kukushauri ubadilishe rimu na upande hadi matairi ya inchi 26. Kishawishi ni kikubwa kwa sababu kwodi huinuka na kupendeza. Lakini tairi la inchi 24 husafiri takriban sentimita 191 kwa kila mzunguko, na la inchi 26 takriban sentimita 207, kwa hiyo ni sawa na kuzifanya gia zote kuwa ndefu kwa asilimia 8 hivi bila kuiongezea injini nguvu yoyote. Kwenye mteremko wa kuingia korongoni utahisi breki ya injini imelegea, na kwenye mlima utajikuta umerudi gia ya kwanza mahali ambapo ya pili ilitosha. Katika kwodi zinazotumia mkanda hali ni mbaya zaidi, kwani mkanda hupata joto na kuanza kuteleza.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kuchanganya vimo. Ukiwasha mwendo wa magurudumu yote manne, magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kwenda pamoja, na ikiwa ya mbele ni mapya yenye meno marefu ilhali ya nyuma yamekuwa vipara, tofauti ya mwendo wao huishia kwenye shafti na difu ya mbele, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo na mkazo huo hutoka. Kwenye mwamba wa lava hautoki.

Nimeona watu wengi wakichagua tairi kwa kutazama meno yake, kadiri yanavyokuwa marefu ndivyo wanavyoridhika. Katika njia zetu kinachoua tairi mara nyingi ni ubavu kuchanika. Mawe ya volkano huvunjika yakabaki na makali, hasa yale meusi ya obsidiani yanayopatikana maeneo ya Ol Njorowa na Eburru, na miiba ya mgunga huanguka njiani ikiwa imeelekea juu. Ukishuka kuelekea Baringo utakutana na mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao mwiba wake hupenya tairi jembamba na kukatikia ndani, hivyo kwamba upepo hupungua kidogo kidogo na unagundua asubuhi. Tundu la mwiba kwenye uso wa tairi huzibwa kwa kamba ya gundi katika dakika chache hata porini. Mpasuko wa ubavuni hauzibiki kwa namna ya kutegemewa, na dawa ya pancha inayomiminwa ndani haiuokoi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuulizia ni plai, yaani kipimo cha uimara wa tabaka za nyuzi ndani ya tairi. Matairi mengi yanayokuja na kwodi ni mepesi ili chombo kiendeshwe kwa wepesi. Kwa mawe nisingeshuka chini ya plai 6. Kati ya yale yaliyonipitia mikononi, Maxxis Bighorn ndilo ninalolipendelea kwa safari ndefu za mchanganyiko wa changarawe na mwamba. Ni tairi la radiali, yaani nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, lenye plai 6, na meno yake yanapanda hadi kwenye mabega, mahali ambapo mawe hugonga. Uzito wake unahisiwa kwenye usukani, na asiye na mikono ya kazi atachoka kabla ya kufika mapango ya Suswa. Kenda Bear Claw, lenye plai 6 pia lakini nyuzi zake zikiwa zimekatizana kimshazari, hupanda juu ya mawe kwa ukakamavu zaidi na hutikisa zaidi. Kwa kazi ya shambani na njia fupi linatosha kabisa. ITP Mud Lite lina meno ya kina cha robo tatu ya inchi yaliyoachana vizuri, na ningelichukua bila kusita kwa udongo mweusi wa Kinangop wakati wa masika. Kwenye changarawe kavu nafasi hizo baina ya meno hazikusaidii chochote, na unazilipia kwa mtetemo na mlio.

Hata tairi bora huharibiwa kwenye kituo cha mafuta. Kijana wa upepo amezoea magari, naye atakujazia psi 30 kwa moyo mweupe, ilhali kwodi nyingi za aina hii huhitaji kati ya 4 na 7, kama kibandiko kilicho kwenye mwili wake kinavyoeleza. Geji ya gari haiwezi kusoma kiasi kidogo namna hiyo kwa usahihi, kwa hiyo geji ya upepo mdogo inunuliwe siku hiyo hiyo ya matairi. Tairi lililojazwa kupita kiasi huvimba katikati, hudundadunda juu ya mawe na kuisha sehemu moja tu. Lililopungua mno huacha mdomo wake uchomoke kwenye rimu katika kona, na kulirudisha porini kunahitaji mkanda wa kulibana kiunoni, maji ya sabuni na pampu yenye pumzi. Namna rahisi ya kuhakiki ni kusukuma kwodi polepole juu ya vumbi laini na kuitazama alama: meno ya pembeni na ya katikati yaonekane kwa uzito unaofanana.

Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe. 3521, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa miaka mingi ghalani huonyesha nyufa ndogo kwenye mashina ya meno ukilikunja kwa kidole gumba. Angalia pia mshale wa mwelekeo, kwa sababu fundi mwenye haraka huweza kuugeuza upande mmoja.

Ya nyuma yataisha kwanza, na yanunuliwe mawili kwa pamoja, ya muundo mmoja. Yakishafungwa na kupewa upepo sawa, zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kila moja na ulinganishe mizingo, kwani ekseli nzima haina difu ya kusamehe tofauti na kwodi itavuta upande mmoja. Tofauti ikionekana wazi, rudisha moja dukani kabla halijagusa njia.