Mlima Kenya: panda Chogoria, shuka Sirimon, na usikubali ratiba yao

Mimi mtu wa Mombasa. Baridi ninayoijua ni ya Julai pale kivukoni Likoni, kwa hiyo nikisema hapa chini kwamba usiku ulikuwa mbaya, upimeni kwa mizani hiyo. Pakeji niliyolipia ni ya kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, upande wa mashariki, na kuteremka kwa njia ya Sirimon. Kampuni siitaji jina. Njia naisifu bila kusita. Ratiba yao ndiyo nina ugomvi nayo.

Kutoka mji wa Chogoria mnapanda kwa Landcruiser, barabara ya tope inayopita msituni na kwenye mianzi, hadi geti lililo kama mita 2,950. Ukiamka mapema hapo, kabla ukungu haujapanda, vilele unaviona kwa mbali, vyeusi na vyembamba. Kufika saa nne asubuhi vishafunikwa. Mtindo ni huohuo kila siku, na ndiyo sababu saa za kutembea ni jambo kubwa kwa aliyekuja kutazama.

Sasa, ratiba waliyonipa ilisema: fika kambi ya Hall Tarns jioni, kula, lala kidogo, saa nane usiku anza kwenda kilele cha Lenana. Hesabu mwenyewe. Unafika kwenye ukungu, unaondoka gizani, na mahali pazuri kuliko pote katika njia hii hupaoni kabisa! Mzee mmoja katika kundi letu, mwalimu mstaafu kutoka Embu, alimweka kiongozi chini wakazungumza Kimeru na Kiembu mpaka tukakubaliwa kulala usiku wa pili. Ofisi ikatutoza pesa ya ziada ambayo haikuwahi kutajwa. Nililipa nikinung'unika, lakini nililipa.

Asubuhi yake tulisimama ukingoni. Chini ya miguu, ukuta wa mwamba uitwao Temple unashuka wima mamia ya mita, na huko chini kabisa kuna Ziwa Michaelson, jeusi, limetulia, na bonde la Gorges likienda zake mashariki na maji ya mto Nithi. Hakuna ua, hakuna kamba. Kiongozi aliniambia, "Mama, kaa chini ndio utazame," nikakaa. Nilikaa muda mrefu, chai ikapoa. Nyuma yetu vilele vilikuwa wazi, na kiongozi akavitaja vikubwa vitatu: Batian mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985. Majina hayo alivipa Mackinder, aliyefika juu ya Batian mwaka 1899, akiwafuata malaibon, yaani viongozi wa kidini, wa Kimaasai. Sisi wa kutembea kwa miguu tunaishia Lenana. Vile viwili vingine ni vya watu wa kamba na vyuma. Huo mlima uliobaki ni kiini cha volkeno ya zamani: lava iliyoganda kooni, kisha sehemu laini za nje zikaliwa na barafu na mvua. Ndiyo maana vimechongoka vile.

Lenana yenyewe nitaipitia haraka. Baridi, kokoto zinazoteleza, pumzi fupi, karibu na juu kuna nyaya na vipandio vya chuma. Jua lilipotoka, aliyejaa machoni ni Nelion, karibu mno, Batian akichungulia nyuma yake. Kuna kibanda kidogo cha bati juu ya Nelion, alichojenga Ian Howell mwaka 1970, na wapo wanaolala humo. Wallahi sijui wanalalaje. Barafu ya Lewis iliyo chini hapo imebaki kipande cha kusikitisha.

Kushuka Sirimon ni kama kuzunguka nyumba na kuona mlango wa nyuma ndio mzuri zaidi. Kambi ya Shipton, mita 4,200, imekaa chini ya uso wa kaskazini, na hapo Batian ndiye anatangulia, mkubwa, hana wa kumziba. Geukeni pia upande wa pili mwangalie vilele vya Terere na Sendeyo. Watu wengi wanavipa mgongo kwa kuwa wanafukuza pimbi wasiibe chapati.

Chakula: uji mzito, maharagwe, supu ya moto kila jioni. Mpishi apewe maua yake. Wapagazi wawili nilioongea nao walikuwa na viatu vilivyochoka, na hilo kampuni ijibu. Mahema yalikuwa makavu. Mfuko wa kulalia wa kukodi ulikuwa mwembamba, njooni na wenu.

Nyota nne kwa njia, mbili kwa ofisi. Mkiweka nafasi, andikeni kwenye WhatsApp kabla ya kutuma pesa: usiku mbili Hall Tarns, bei yake ndani ya jumla. Wakikataa, kuna kampuni nyingine Chogoria na Nanyuki.