Beatrice na Benedick ufukweni Luchelele: nenda, ila chagua pa kukaa

Kwa wanaoniuliza kama inafaa: ndiyo, nenda, tena nenda na mtu unayependa kubishana naye. Nimetazama Much Ado About Nothing ya Shakespeare ikichezwa kwa Kiswahili ufukweni Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nje kabisa, hakuna paa hakuna ukuta, na nimecheka mpaka mbavu zikauma. Ila raha yenyewe inategemea sana umekaa wapi na onyesho limeanza saa ngapi. Kwa hiyo hayo nitayaeleza kwa urefu, ya chakula na maegesho nitayagusa tu.

Kwa asiyeijua hadithi, mambo yanatokea Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily. Wanajeshi wametoka vitani na wamefikia kwa gavana Leonato. Kijana Claudio anampenda Hero, binti wa gavana, kwa kumtazama tu. Rafiki yake Benedick ameapa kwamba hataoa. Beatrice, mpwa wa gavana, naye ameapa hataolewa, na hao wawili hawapishani bila kurushiana maneno. Basi wenzao wanawatega: kila mmoja anafanywa asikie, kana kwamba ni bahati, kuwa mwenzake anakonda kwa kumpenda. Wakati huohuo Don John, ndugu wa nje ya ndoa wa mwana mfalme Don Pedro, anasuka uongo wa kumwaminisha Claudio kwamba Hero ana mwanamume mwingine. Karibu kila kinachotokea kinatokea kwa sababu mtu kasikia jambo mahali, la kweli au la kupikwa. Mtazamaji asiposikia vizuri, amekosa igizo lote.

Nianze na Kiswahili chenyewe, maana ndicho kilichonikalisha pale hadi mwisho. Shakespeare aliliandika igizo hili mnamo 1598 au 1599, likachapwa 1600, na sehemu yake kubwa ni mazungumzo ya kawaida, si ushairi. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari (1963) na Mabepari wa Venisi (1969), na kote alifuata umbo la ushairi. Hili hakuligusa. Kikundi hiki kimelitafsiri chenyewe, na kimechagua Kiswahili cha watu wanaojuana. Beatrice anapouliza mwanzoni kabisa Benedick ameua wangapi huko vitani, kwa sababu yeye aliahidi kuwala wote watakaouawa na mkono wake, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ule ni utani, na sisi huku tumekulia ndani ya utani. Tunajua mtu anaweza kukutukana mbele ya msiba wako na bado akawa wa kwanza kubeba jeneza. Tunajua pia pale utani unapoanza kuficha kitu kingine, na dada aliyecheza Beatrice alikijua hicho kitu. Kila alipomchoma Benedick, alibaki akimtazama nukta moja zaidi ya ilivyohitajika.

Majina hayakubadilishwa na Messina imebaki Messina. Naunga mkono. Mwongozaji angeigeuza kuwa Mwanza tungepoteza muda kukagua nani ni nani wa wapi. Alichofanya ni kuingiza vitu vichache vya kwetu pale tu vinapobeba jambo. Ile dansi ya vinyago nyumbani kwa Leonato, kwa mfano, ilichezwa kwa makundi mawili yanayoshindana, kila moja likivuta watazamaji upande wake, ngoma zikijibizana. Aliyewahi kufika Bujora mwezi Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, alilitambua hilo mara moja: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Watu walianza kuchagua upande bila kuambiwa. Na humo humo ndani ya kelele, Beatrice anamsema vibaya mtu aliyevaa kinyago bila kuonyesha kama anamjua, na Benedick chini ya kile kinyago anaumia kweli. Mabega yake tu yalitosha kuonyesha.

Sasa ile sehemu ya Benedick kutegwa. Jukwaa limewekwa karibu na maji, kati ya majabali mawili makubwa, na pembeni kuna mtumbwi uliopinduliwa na wavu umeanikwa juu ya miti. Benedick anasikia wenzake wanakuja, anajificha nyuma ya wavu. Wanaanza kusema Beatrice halali usiku kwa ajili yake. Anasogea asikie, kifungo cha shati kinanasa. Anajinasua kwa meno. Wanasema Beatrice anaamka usiku kuandika barua kisha anazichana. Anatambaa mpaka kwenye mtumbwi, anaingia chini yake, na kuanzia hapo tunauona mtumbwi tu: unainuka kidogo upande mmoja, unasogea kama kobe kuwafuata waliokuwa wakizungumza, unasimama wanaposimama. Mtoto mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Baba, boti linasikiliza!" Waigizaji walingoja kicheko kiishe, wakaendelea bila kupoteza sekunde. Alipotoka, mchanga mpaka kwenye nyusi, akasema lazima dunia ijazwe watu, basi ataoa. Alilisema kwa unyofu kabisa, hakulifanyia mzaha, na ndiyo maana lilichekesha.

Dogberry, mkuu wa walinzi wa usiku, na walinzi wake wamevalishwa kisungusungu: filimbi shingoni, rungu, koti zito la usiku. Sungusungu walianza huku kwetu, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na watu wa rika la wazazi wangu wanawakumbuka kwa heshima na kwa woga. Nilihofia wangefanyiwa dhihaka. Haikuwa hivyo. Dogberry alichezwa na mzee mwenye sauti nzito, anayeipenda kazi yake kwa moyo wote na kuyatumia maneno makubwa yote kinyume. Anawafundisha walinzi kwamba wakikutana na mwizi, njia salama ni kumwacha aondoke zake, na mlevi asiyetaka kwenda nyumbani aachwe mpaka pombe imtoke. Mtu akamwita punda, naye akaumia kwamba hakuna karani karibu wa kuliandika hilo: andikeni, mkumbuke kwamba mimi ni punda! Wazee waliokuwa upande wetu walifuta machozi. Na bado ni hao hao, kwa kusikia maneno ya walevi gizani, wanaoukamata uongo ambao wakubwa wote wameumeza. Mwongozaji aliliacha hilo lionekane lenyewe.

Harusi ilinikaza. Claudio anamkana Hero mbele ya padri na mbele ya ukoo, na Leonato, baba mzazi, anamwamini mkwe kabla ya kumwamini binti yake. Mwigizaji wa Hero hakulia kwa sauti. Alimtazama baba yake, akasubiri, na baba hakuja. Kutoka mkekani mama mmoja akasema kwa nguvu, "Ng'ombe msirudishe!" na wanawake wengine wakaitikia. Halafu wakabaki Beatrice na Benedick peke yao, wakakiri mapenzi yao, na Benedick akamwambia aombe lolote naye atalifanya. Akajibiwa: muue Claudio. Nimesoma kwamba mahali pengine watu hucheka hapo. Luchelele hakucheka mtu. Beatrice alipoendelea kusema laiti angekuwa mwanamume, nilimwona shemeji yangu, ambaye amekuja kwa kulazimishwa na mdogo wangu, ameshika magoti kwa mikono miwili.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, na si la waigizaji.

Tangazo lilisema saa kumi na moja jioni. Tulianza saa kumi na mbili imepita. Ucheleweshaji wa kawaida, utasema, lakini kando ya ziwa una gharama yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Watazamaji tunakaa kwenye mteremko tukitazama ziwa, jukwaa likiwa chini karibu na maji, kwa hiyo upepo wa jioni unatuletea sauti. Jua huzama saa moja kasoro. Giza likishaingia na nchi kavu ikapoa, upepo hutulia, kisha hugeuka na kwenda ziwani, ukizibeba sauti pamoja nao. Sehemu yote ya kwanza tulisikia hata mnong'ono. Kuanzia kanisani, watu wa viti vya nyuma wakaanza kuulizana amesema nini. Maikrofoni ndogo walipewa wahusika wakuu wachache tu, wengine walitegemea kifua, na jenereta ikawekwa nyuma ya viti ikinguruma. Borachio, mfuasi wa Don John, anapokiri uovu wake, ambapo fundo lote linafunguka, dada wa mbele yangu alimgeukia mumewe akasema, "Huyu anatubu nini?" Nilisikitika. Kazi nzuri namna ile isipotee kwa sababu ya saa moja na jenereta iliyokosa kusogezwa.

Wangeanza kwa wakati, mapumziko yangeangukia jioni upepo ukiwa bado na sisi, na harusi ingechezwa wakati wa machweo. Enzi za Shakespeare jijini London maigizo ya viwanja vya wazi yalichezwa mchana, mwanga wa jua ndiyo taa. Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo, tena kiangazi hiki cha Juni hadi Agosti ambapo mvua si tishio.

Giza lilikuwa na faida moja, nikiri kwa haki. Claudio anapokwenda kaburini kumwomboleza Hero, ambaye ameaminishwa kuwa amekufa, wamezima taa zote na kubakiza mishumaa, na mtu mmoja anapiga zeze. Usiku ule hakukuwa na mbalamwezi, hivyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka, na taa zao zilikuwa zimetapakaa ziwani nyuma ya jukwaa. Hakuna fundi wa taa anayeweza kununua kitu kile.

Don John hakunishawishi. Kaka aliyemcheza alicheka kicheko cha majambazi wa filamu kila alipotoka jukwaani, ilhali mtu huyu kwenye maandishi anajieleza mwenyewe kuwa si wa maneno mengi. Uovu wake unatisha kwa sababu hauna sababu ya maana. Claudio naye alisamehewa haraka mno. Hilo ni tatizo la tangu 1600, najua, lakini mwongozaji aliyempa Hero nafasi ya kunyamaza vile angempa pia nafasi ya kusita kabla ya kumpa mkono. Badala yake muziki ulianza na watu wakawa wanacheza.

Mwisho wa Beatrice na Benedick, hata hivyo, sitausahau. Wote wawili wanakana mapenzi yao hadharani, kisha mashairi waliyoandikiana kwa siri yanachomolewa mifukoni. Hero ndiye anayelichomoa la Beatrice, kutoka kwenye pindo la khanga kiunoni, pale pale ambapo bibi zetu hufunga pesa. Karatasi yenyewe ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama kete. Benedick alichukua muda wake kuikunjua, mkunjo baada ya mkunjo, na kila mkunjo ulivyofunguka vigelegele vilipanda. Busu hawakulionyesha, alimfunika mdomo kwa kiganja na Beatrice akaendelea kusema chini ya kiganja. Shangwe ile nadhani ilifika Kigongo.

Mambo ya kufahamu ukienda. Kiingilio ni shilingi 10,000 mkekani na 20,000 kwenye kiti, na nasema wazi: chukua mkeka. Mikeka iko mbele, chini kabisa ya mteremko, unawasikia waigizaji hata upepo unapogeuka. Viti viko nyuma karibu na jenereta. Kaa upande wa mtumbwi, si upande wa spika. Beba khanga nzito au jaketi, kuna baridi baada ya jua, na dawa ya mbu. Taa zikiwashwa, wale wadudu wadogo wa ziwani huja kwa wingi, kwa hiyo funika kinywaji chako. Sato wa kukaanga alikuwa mzuri ila foleni ilimeza mapumziko yote, kula kabla. Vyoo vilikuwa safi, vichache. Daladala zinakufikisha Nyegezi, kisha bodaboda. Kurudi usiku ni kazi, hivyo panga na dereva wako mapema au changeni usafiri.

Vijana wa mlangoni walikuwa na adabu sana. Bibi mmoja alikuja na mkongojo, wakamshika mkono, wakamwambia, "Shikamoo bibi, twende taratibu," wakamshusha mpaka mbele na kumtolea kiti bila kumdai tofauti ya bei.

Nilizungumza na mmoja wa waandaaji kuhusu muda na jenereta. Alisikiliza bila kujitetea, akasema Jumapili watacheza saa tisa alasiri na jenereta itahamishiwa nyuma ya jabali. Nimeshakata tiketi nne za siku hiyo, moja ni ya mama.