Oveni ya bati ya mkaa: inafaa kwa biskuti za krimu?

Kwa mkate, oveni hizi za mafundi wa Mwanza hazina shida. Biskuti za krimu za chachu iliyobaki (rojo la unga na maji lililochachuka, linalobaki baada ya kuumua mkate) ndizo zinazoziumbua.

Donge la majaribio: unga gramu 200, chachu 100, siagi 100, sukari 90, magadi soda robo kijiko cha chai. Magadi yakizidi, biskuti hukoza rangi mapema na kuacha ladha ya sabuni. Nusu ya chachu ni maji, na joto la mchana huku hulainisha siagi upesi, kwa hiyo donge likae kwenye friji dakika 30 kabla ya kusukumwa unene wa milimita 4.

Mkaa mwingi uwe juu, kidogo chini. Ukigeuza mpangilio huo, matako ya biskuti yanaungua uso ukiwa bado mweupe. Kasoro kubwa ni mlango: haubani, safu ya mbele inachelewa kuiva. Geuza trei dakika ya 7, epua kati ya 12 na 14.

Krimu ipakwe biskuti zikipoa kabisa, la sivyo inayeyuka na kutiririka pembeni.

Ukinunua, funga mlango na uchungulie mwanga kwenye kingo.