Nilifunga mauntingi za chuma kwenye Land Cruiser, nimerudi kwenye mpira

Mauntingi ni vile vikalio vinavyoishikilia injini na giaboksi kwenye chesisi, kwa kawaida mpira uliogandishwa kwenye bamba za chuma. Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ79 iliyokatwa na kurefushwa chesisi, paa la kunyanyua, injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 ya lita 4.2 isiyo na tabo. Madereva wa utalii wa Arusha hawahitaji kuelezwa zaidi. Kazi yangu ni Ndutu, Serengeti na Ziwa Natron, na hiyo ya Natron ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nilikuwa natoka Engaresero kurudi Mto wa Mbu. Kuna korongo moja lenye mchanga mzito, nikavuta kigingi cha trasfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye L4, yaani 4x4 ya gia nzito, gia ya kwanza, nikaanza kupanda ukingo. Nikasikia "ngo!" chini ya miguu, halafu feni ikakwaruza koveri yake, krrr, kama mtu anasaga mahindi mabichi. Nilipofika juu nikazima, nikafungua boneti. Mauntingi ya kushoto mpira wake ulikuwa umebanduka kabisa kwenye bamba. Kidole kilipita katikati. Na ulikuwa umelainika kama chewingamu, maana oili ilikuwa ikivuja juu yake sijui tangu lini. Hilo ni kosa langu: oili na dizeli huvimbisha mpira na kuuozesha, nami nilikuwa nafuta tu na tambara.

Niliuliza kwa nini ya kushoto, na fundi akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Injini ikizungusha krenki (mhimili wake mkuu) upande mmoja, yenyewe inataka kujipindua upande wa pili. Ukiwa gia za mbele, ubavu wa kushoto unanyanyuka na wa kulia unakandamizwa. Mpira ukikandamizwa hauna shida sana, ukivutwa ndiyo unachanika. Tena mzigo unaobebwa na mauntingi si nguvu ya injini peke yake. Injini, giaboksi na trasfa vimefungwa pamoja kama kitu kimoja, kwa hiyo mauntingi zinapokea msokoto unaotoka kwenye propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiwa L4 gia ya kwanza, msokoto huo umezidishwa mara nyingi. Ndiyo maana mpira uliovumilia lami miaka mitatu unakatikia kwenye korongo la mita kumi.

Nikashawishika na chuma. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea pea kwa bamba na bomba nene, nzito, nadhifu, akapaka rangi nyeusi. "Hizi utazikwa nazo," akaniambia.

Nisiwe mnafiki, siku za kwanza nilizipenda. Kigingi cha gia kilitulia, hakirukiruki tena ukiachia klachi. Gari likawa linaitika mguu papo hapo. Feni haikugusa kitu hata kwenye tope la Ndutu, na lile tope jeusi mnalijua.

Tatizo ni sailensa, yaani injini ikiunguruma tu bila kukanyaga mafuta. Injini ya silinda 6 kwa kila mzunguko mmoja inawaka mara 3. Kwenye sailensa ya mizunguko 700 kwa dakika, hayo ni mapigo 2,100 kila dakika, na kwa kuwa hakuna mpira wa kuyameza, yote yanaingia kwenye chesisi, bodi, viti na meno ya abiria. Kioo cha pembeni kilitetemeka hadi huoni nyuma. Skrubu za dashibodi zilianza kudondoka moja moja. Mgeni mmoja aliyekuwa na lenzi ndefu kama mkono aliniomba nizime injini kila tulipomwona mnyama, na tulipokuwa na simba kwenye kivuli cha mgunga nikawa nazima, nawasha, nazima, nawasha, mpaka nikaanza kuogopa kwa ajili ya betri.

Hayo ya starehe ningeyavumilia. Baada ya miezi minne rejeta ilianza kuvuja kwenye kona ya juu. Tulipoitoa ili izibwe ndipo tukaona jambo baya zaidi: ufa kwenye mchomeleo wa breketi ya chesisi, pale mauntingi ya kulia inapokaa. Chesisi ya gari hili inajipinda, hasa ikiwa imerefushwa. Tairi moja likiwa shimoni na la kona ya pili likiwa hewani, reli mbili za chesisi zinasokotana. Mpira unaruhusu injini isishiriki ugomvi huo. Chuma kinaigeuza injini kuwa krosimemba (boriti inayounganisha reli mbili) ya ziada, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote inapasuka. Kwangu ilikuwa breketi. Ingekuwa sikio la bloku, pale mauntingi inapofungwa kwenye injini yenyewe, sasa hivi ningekuwa naandika kuhusu bei ya injini.

Kosa jingine nililogundua baadaye: mbele tuliweka chuma, mauntingi ya giaboksi ikabaki ile ile ya mpira, kuukuu. Mkia ukawa unacheza wakati kichwa kimefungwa, na kinachovutana katikati ni kengele ya klachi, ile nyumba ya klachi inayounganisha injini na giaboksi. Ikiwa ya giaboksi imechoka, ibadilishe pamoja na za injini, usifanye nusunusu.

Nikanunua za mpira orijino, tatu. Pea moja iligharimu karibu sawa na pea tatu za zile za maboksi meupe, zisizo na jina la kampuni. Nilishawahi kufunga za boksi jeupe, hazikumaliza masika mawili. Zile za poliyurethini (aina ya plastiki ngumu) sijazifunga mimi, lakini nimepanda gari la mwenzangu mwenye Defender aliyeziweka: ngumu kuliko mpira, oili haizisumbui, mtetemo upo ila unavumilika. Kwa gari la mizigo ningezifikiria. Kwa wageni wenye kamera, hapana.

Wakati wa kufunga, legeza koveri ya feni kwanza, maana injini ikinyanyuliwa na jeki feni inaweza kuingia kwenye rejeta. Chini ya sampu (bakuli la oili), juu ya jeki, weka ubao. Bolti zote ziingie kwa mkono, washa injini ikae mahali pake, zima, ndipo ukaze. Ukikaza moja moja ikiwa imening'inia, mpira unaanza maisha ukiwa umepinda.

Na nimeongeza kitu kimoja: mnyororo mfupi upande wa kushoto, umelegea kidogo, haugusi kitu mpaka mpira ukatike. Wenzangu walinicheka, wakasema nimeifunga injini kama mbuzi. Lakini mwaka 1971 General Motors iliita Chevrolet zaidi ya milioni 6 zirudishwe kurekebishwa kwa sababu hiyo hiyo. Mpira ulikuwa unaachana na chuma, injini inanyanyuka na kuvuta mafuta yenyewe, na dawa waliyotoa ilikuwa kebo ya kuizuia isinyanyuke.

Chuma kina watu wake: gari la mashindano linalofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio, na dereva asiye na abiria wa kumlalamikia. Mimi hukaa siku kumi na injini hiyo hiyo inayounguruma, na nyuma kuna bibi wa miaka sabini.

Hizi za sasa zina kilomita 38,000, nyingi zikiwa za barabara iliyojikunja kama bati. Uvujaji wa oili niliumaliza. Wiki iliyopita nilimulika tochi, ya kushoto imeanza nyufa ndogo kama za kisigino, bado haijaachia. Mpya iko ndani ya boksi lake chini ya kiti cha dereva.