Tairi za pikapu: kabla hujalipa, geuza uone ubavu wa ndani

Wacha nianze na aibu yangu. 2024 nilinunua tairi nne za All-Terrain (za lami na za tope) za Hilux hapa Nakuru town, saizi 265/65R17, elfu ishirini na nane kila moja, nyeusi tii, zinang'aa kama viatu vya siku ya kufungua shule. Miezi mitano baadaye natoka Mau Narok na waru (viazi), mvua imenyesha, nakanyaga breki karibu na Njoro gari inateleza tu kama barabara imemwagiwa sabuni. Fundi wa pancha ndiye alinifungua macho. Akapiga jeki, akatoa tairi, akapangusa tope na kidole upande wa ndani: 1117. Yaani wiki ya 11, mwaka wa 2017. Nimeuziwa mpira wa miaka saba! Mng'aro wote ulikuwa polishi, na katikati ya meno kulikuwa na nyufa za kuingiza ukucha.

Mambo ya meno sitaongea, hayo kila mtu anaangalia. Shida ni kwamba hizo namba nne za tarehe si lazima ziwe pande zote mbili za tairi, kwa hivyo muuzaji mjanja anaifunga ule upande wa tarehe ukiangalia ndani na wewe unabaki kusoma jina kubwa la nje. Sema zigeuzwe kabla hazijaingia kwa rimu. Akianza kununa, ondoka. Mimi ikishapita miaka miwili tangu itengenezwe silipi bei ya mpya.

Namba moja kwangu ni BFGoodrich KO2, na sifichi mapenzi. Kwa saizi yangu ile ya LT (Light Truck, ya gari la mizigo) imeandikwa 120/117, hiyo 120 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 1,400, na zile Hilux yangu ilikuja nazo ni 112, kilo 1,120. Mtu wa magunia ashanielewa. Ubaya ni kwamba ni nzito na gari ikiwa tupu inakurusha vibaya. Ina hadi alama ya theluji ubavuni, sijui ni ya mvua ya mawe ya Molo.

Ya pili ni Yokohama Geolandar A/T G015. Kelele kidogo, ukienda Kisumu unaskia redio vizuri, lakini kuna ya LT na ya kawaida na zote zina jina hilo hilo, so soma ubavu. Ya tatu Maxxis AT-980, sina neno baya.

Zile za majina unaskia mara ya kwanza dukani, kama gari haitoki lami na haibebi kitu, sawa. Eks-Japani, zile zilizotumika huko, usiniulize.

Na bei jameni. Tangu kiwanda cha tairi za Yana kifungwe Nairobi 2016 tunangoja meli tu, na kila ukiuliza unaambiwa ni dola, sasa 2024 hiyo dola ilitoka 160 ikashuka karibu 130, mbona bei ya tairi haikushuka nayo?

Nilirudi kwa yule jamaa aliyeniuzia, na picha ya ile 1117 kwa simu. Akaangalia, akacheka, "Mathe, tairi si maziwa, haiharibiki." Risiti yangu ilikuwa imeandikwa "tairi 4", basi. Siku hizi muuzaji akishika kalamu namsomea zile namba aziandike moja moja, tairi zote nne, na ya spea.