Kung Fu Hustle kwa bafle ya Bluetooth: teke linafika, mlio uko njiani

Filamu yenyewe haina kosa. Kung Fu Hustle ni filamu ya vichekesho vya kung fu ya Stephen Chow, ya 2004, na anayetaka kujua hadithi yake ataipata popote. Hasira yangu iko kwa ukumbi mmoja wa video hapa Goma, jina naliacha, ambao umechukua filamu inayochekwa kwa masikio ukaipitisha kwenye bafle, yaani spika, ya Bluetooth.

Kuna watakaosema sauti kuchelewa kidogo si kitu. Kwa filamu ya mapenzi sawa, midomo haiendi na maneno, unazoea. Kwa ngumi za kuchekesha hapana. Bafle ya kawaida ya Bluetooth inachelewesha sauti kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na sinema inapitisha picha 24 kwa sekunde. Maana yake mlio unafika karibu picha tano nyuma. Kufika hapo mguu umeshagonga, aliyegongwa ameruka, na kamera imeshahamia kwa mwingine. Mlio wa teke unamwangukia mtu ambaye hata hajaguswa!

Waliotengeneza mambo haya hawakubahatisha. Yuen Wah, anayecheza baba mwenye nyumba, ndiye aliyeruka sarakasi badala ya Bruce Lee katika filamu ya Enter the Dragon. Yeye, Yuen Qiu anayecheza mke wake, na Sammo Hung aliyeanza kupanga mapigano kabla ya Yuen Woo-ping kuyashika, wote watatu walilelewa shule moja ya opera ya Kichina huko Hong Kong. Katika opera ile mpiga ngoma anamfuata mchezaji mguu kwa mguu: geuza kichwa, upatu unalia, simama, matoazi yanalia. Mwili na mlio ni kitu kimoja. Sasa tenganisha hivyo viwili uone kama kuna atakayecheka.

Fundi wa nguo anapigana na bangili za chuma mikononi, zinalia kila ngumi. Pale ukumbini zililia mikono ikiwa imetulia. Wauaji wawili wenye kinanda cha nyuzi ni shida zaidi, maana tukio lao lote limejengwa juu ya sikio: unasikia uzi, unaogopa, ndipo unaona kilichokatika. Ile nafasi ndogo ya kuogopa ilimezwa yote. Na yule mzee wa kandambili anayejipiga risasi kichwani akaidaka kwa vidole, tulikuwa tumeshaanza kuvitazama vidole ndipo bunduki ikalia. Besi nayo imefunguliwa hadi mwisho ili wapita njia wasikie, kwa hiyo chuma, fimbo na kofi, vyote ni “dum”.

Mwenye telekomande aliambiwa kwa heshima: “Patroni, sauti inachelewa.” Jibu lake: “Weye njo enjenieri? Kama hautake, toka, bengine banangojea. Makuta hairudiake.” Yaani pesa hairudishwi. Na hakugeuza hata kichwa.

Uenjinia wenyewe ni huu. Waya wenye pini moja ndogo upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande mwingine. Ile moja inaingia kwenye tundu la hedfoni la kompyuta, zile mbili nyuma ya bafle. Kuchelewa kumekwisha. Wauza chaja wanao. Kama hata huo ni mzigo, VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, ina dawa: bonyeza J, sauti inawahi kwa milisekunde 50, bonyeza mara nne umefika. Ukizidisha, K inairudisha. Usipime kwa midomo, kwa sababu kopi iliyotafsiriwa midomo haikubaliani na kitu chochote. Pima kwa kitu kigumu kinachogonga, mlango au kisu. Kumbuka pia VLC inasahau ukifungua faili nyingine, unaanza upya. Ila kama filamu inachezwa kutoka kwenye kle (flash ya USB) iliyochomekwa kwa tele moja kwa moja, J haipo, na menyu za tele nyingi zinajua kuongeza ucheleweshaji tu, si kuupunguza. Hapo ni waya, basi.

Telekomande hiyohiyo ilikuwa imevuta picha ili mistari myeusi ya juu na chini ipotee. Filamu hii ni pana. Ukiivuta ijaze tele unapoteza karibu robo ya upana wake, na nusu ya vichekesho vya Chow viko pembeni. Lakini hilo ningelivumilia.

Mtafsiri je? Nilitaka kumlaani yeye pia. Kwenye kisu kinachogonga na kurudi begani kwa aliyekirusha, Chow ameweka kimya, na mtafsiri amekijaza maneno. Sauti yake imebandikwa pamoja na ya filamu, huwezi kuipunguza peke yake. Labda upate kopi yenye njia mbili za sauti, ambapo B kwenye VLC inakupeleka kwa nyingine. Lakini Yuen Qiu, na vibiringisho vyake vya nywele na sigara mdomoni, akiwakatia wapangaji maji! Amempa sauti ya mama bayeri, yaani mwenye nyumba wa hapa kwetu, anadai garanti, ile pesa ya dhamana ya nyumba, kabla ya salamu, na ukumbi wote ukamjua. Hapo nakubali: kopi ya Kikantoni haina mama huyo. Karibu nisamehe kila kitu.

Karibu. Kwa sababu silaha kubwa ya mama huyo ni mngurumo wa simba, ukelele unaobomoa kila kitu, na kuelekea mwisho anaupitisha ndani ya kengele kama kipaza sauti. Ndio mlio mkubwa kuliko yote, filamu nzima inauelekea. Bafle yenye besi iliyojaa haikuubeba, ikajizima. Kuta zikabomoka kimya. Kisha ikawaka tena, na kile kisauti cha kike cha ndani yake kikatangaza kwa Kiingereza kwamba Bluetooth imeunganishwa.

Watu walicheka mpaka machozi, na mimi pia, siwezi kukataa. Kilikuwa kichekesho pekee jioni ile kilichofika kwa wakati wake. Filamu itafuteni. Ukumbi ule, chungulia kwanza nyuma ya bafle kabla ya kutoa makuta: kama hakuna waya, songa mbele.